Antena Angezaliwa Lini?

Kwenye korido ile ya mafundi hakuna aliyekuwa na ulimi kama wa Bi Mkasi, na msidhani jina hilo alilipata kwa kukata vitambaa. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, atakupunguza na wewe mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mjane, anajitegemea, hana shida na mtu. Lakini wiki nzima ile alikuwa kimya, na mdogo wake, aliyekuwa akimsaidia kutia vifungo, alijua kwa nini. Fundi redio wa mlango wa pili, mrefu mpaka watu wakambandika jina la Antena, alikuwa amemposa.

Kumpenda alimpenda, tusidanganyane. Tatizo lilikuwa miaka. Antena alikuwa na arobaini na miwili tu. Bi Mkasi alipiga hesabu akaona siku aliyoolewa mara ya kwanza, bwana huyu alikuwa bado anacheza gololi. Watu watasema nini? Watasema amejiokotea mtoto. Basi akamjibu kwamba angekuwa rika lake wangezungumza, ila kwa hali ilivyo wabaki majirani. Jibu alilitoa yeye, na aliyekosa usingizi akawa yeye yuleyule.

Ijumaa akaja binti mmoja na gauni la bibi yake, alitaka lipanuliwe kiuno alivae kwenye harusi yake. Akalishikashika, akasema laiti angezaliwa enzi za bibi, watu walipojua kuvaa. Lo, akawa amechokoza nyuki. Mdogo wa Bi Mkasi akamuuliza enzi hizo pasi ya mkaa angempulizia nani. Yeye alitaka azaliwe miaka mia ijayo, vifungo vitakapokuwa vinajishona vyenyewe. Mwalimu mstaafu aliyefuata koti lake akachagua enzi za wafalme, kwa sharti mfalme awe yeye, maana kama ni kuchota maji afadhali abaki hapahapa. Wakacheka mpaka msusi wa jirani akaja na kitana mkononi kuuliza kulikoni.

Antena naye akachungulia, wakamdaka palepale: haya, na wewe? Bi Mkasi akainamia cherehani utadhani hayumo. Kila mtu alingoja Antena ataje enzi za redio za mbao.

"Mimi ningezaliwa miaka tisa kabla," akasema. "Tisa tu, sihitaji zaidi."

Wakamzomea. Miaka tisa nayo ni enzi? Mwalimu akasema hajapata kuona mtu asiye na tamaa kama huyu. Antena akatabasamu, akarudi zake kazini. Mdogo mtu peke yake hakucheka. Na Bi Mkasi akashtukia ameshona mkono wa kulia wa shati la watu kwenye bega la kushoto, kosa ambalo hata alipokuwa anajifunza kazi hakulifanya. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Akaona haya kufurahi kiasi kile mbele za wateja, akainuka na kuwaambia anakuja.

Alimkuta Antena amefumua redio, bisibisi mkononi. Hakubisha hodi.

"Sikiliza, wewe. Ungezaliwa miaka tisa kabla, ungenijia sote tuna miaka kumi na minane, mimi mjinga, najiona malkia. Ningekukataa mchana kweupe." Akamnyang'anya bisibisi, akaiweka mezani. "Umezaliwa wakati wako. Kesho mlete dada yako mkubwa, tuzungumze."

Antena alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho. Kisha akauliza kwa upole, je, watu hawatasema?

"Watu wapo enzi zote," akasema Bi Mkasi, akavuta stuli akakaa.