Aliyemkata Maini Bwana Badr

Kwa miaka thelathini na minne Badr alikuwa na neno moja la kumshtakia mkewe. Chumvi ikizidi: "Bimdogo, unanikata maini!" Bimdogo akiicheka kanzu iliyombana tumbo: "Mwanamke huyu ananikata maini!" Na akimwambia mbele ya wageni kwamba hadithi ya papa aliyemvua kule Kigombe kaisimulia mara mia, na kila mara papa anarefuka, basi Badr hushika ubavu wa kulia, akainua macho juu na kulalama, "Maini yangu, ya Rabi, yamebaki kipande." Bimdogo hucheka. Ulimi wake ulikuwa mkali, mtaa mzima wa Chumbageni uliujua, na mwenyewe aliuonea fahari kidogo.

Siku moja Badr kaalikwa harusi mtaa wa Mabawa. Kala pilau sahani ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu ambayo Bimdogo alimkonyeza aiache. Kesho yake tumbo likamkaba. Hospitali wakampima damu, wakampiga ultrasaundi, kisha daktari Anastazia, binti wa Kishambaa mwenye sauti ya upole, akawaita mume na mke pamoja.

"Tumbo ni shibe tu, babu," akasema. "Ila damu inaonyesha una virusi vya homa ya ini, huenda ni vya miaka mingi. Na kwenye ini tumeona doa, sentimita mbili. Kwa mtu mwenye virusi hivi doa hatulidharau. Lazima tujue kama ni saratani au siyo, kwa hiyo tutakupiga siti skani."

Badr hakumtazama daktari. Alimgeukia mkewe taratibu, kidole juu. "Nilisema, sikusema?"

Daktari alidhani ni mzaha, na pengine ulikuwa mzaha. Bimdogo hakucheka. Alijua fika, jamani, kwamba maini hayakatwi kwa maneno. Baiolojia aliisoma hadi kidato cha nne. Lakini kujua ni kwa kichwa, na moyo una mambo yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akikumbuka: chumvi, kanzu, papa. Doa moja tu, kwa ulimi huu? Akaogopa woga ambao hajapata kuuona maishani, maana mzee huyu na makelele yake yote ndiye aliyekuwa naye, na hakumtaka mwingine. Kabla hawajafika mlangoni alikwishaapa: neno la kukata halitamtoka tena.

Lo, nyumba ikageuka! Badr akivaa kanzu yenye doa la mchuzi, Bimdogo husema, "Umependeza, mume wangu." Papa wa Kigombe akafika futi thelathini, Bimdogo akaitikia, "Mashallah." Siku mbili za kwanza Badr alijiona sultani. Siku ya tatu akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na kolekole ambaye hata paka wa jirani alimnusa akaenda zake. Bimdogo akamtazama yule samaki. Ulimi ukamwasha. Akameza mate.

"Samaki mzuri, mume wangu. Kuchagua unajua."

Badr akakaa kitako, uso umemshuka. Tangu saa ile hakuwa Badr tena. Alianza kuzunguka mtaani akiomba radhi: kwa muuza kahawa, kwa fundi cherehani, hata kwa Shekhe Kombo ambaye walikuwa hawaamkiani tangu wagombanie ukuta wa mpakani. Bimdogo akapata habari, moyo ukampasuka. Akajisemea, mgonjwa hujijua, huyu anaaga. Akazidisha upole. Na kadiri alivyozidisha upole, ndivyo Badr alivyozidi kukonda.

Siku ya kipimo walimlaza kwenye ile mashine ya duara, wakamchoma dawa mshipani, wakampiga picha dawa ikiingia na dawa ikitoka. Ijumaa wakampa Bimdogo bahasha ya majibu. Daktari angewaona Jumatatu. Nani angengoja Jumatatu? Karatasi ya ndani imeandikwa Kiingereza cha madaktari, na Bimdogo hakuwa na subira. Akakimbilia nyumba ya pili, kwa Mwalimu Wilfred, Mlutheri wa kutoka Lushoto aliyefundisha hisabati mpaka akastaafu.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akarudia. "Maneno ya kitabibu siyawezi, jirani, ila namba ni namba. Kipimo chao kinaanzia moja, kinaishia tano."

"Na mzee kapata ngapi?"

"Moja."

"Moja kati ya tano?"

Mwalimu akavua miwani. "Ishirini kwa mia. Mimi kwa alama hiyo nilikuwa naita mzazi."

Bimdogo akaangua kilio palepale barazani. Mwalimu wa watu akabaki na bahasha mkononi, anasema pole, pole sana, labda kuna marudio.

Jumatatu wakaingia kwa daktari wakiwa wameshikiliana, kila mmoja akidhani anamshikilia mwenzake.

"Shikamooni," akasema Anastazia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Badr. "Usinizungushe. Najua nakufa. Mke wangu kasifu samaki aliyeoza. Huyu hapa! Tangu nimuoe hajasifu hata samaki mzima. Mlimwambia yeye, mkanificha mimi."

Bimdogo akaruka. "Niambiwe nini mimi? Nilinyamaza nisikumalize! Matokeo nimesomewa, umepata moja kati ya tano, umefeli, na mimi ndiye niliyekukata..."

Daktari akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Alipotulia akasema, "Mama, hapa kwetu anayepata tano ndiye mwenye saratani. Moja maana yake si saratani, hatuna shaka. Saratani ya ini kwa kawaida hunywa ile dawa upesi na kuitema upesi. Doa hili lilianza kunywa pembeni, likajaa polepole, likaishikilia. Ni fundo la mishipa ya damu, halina madhara. Ila virusi bado vipo, babu, kwa hiyo kila miezi sita uje tukupime."

"Alhamdulillahi," akasema Badr, akiuegemea ukuta.

Bimdogo alikuwa bado hajapumua. "Daktari, hilo doa lilianza lini?"

"Mara nyingi mtu huzaliwa nalo."

"Huzaliwa nalo?"

"Ndiyo, mama. Kabla ya shule, kabla ya ndoa, kabla ya yote."

Bimdogo akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akamgeukia mumewe taratibu, kidole juu.

"Badr bin Muhanad! Umezaliwa nalo! Miaka thelathini na minne unanitangaza kwa watu, kumbe ulitoka nalo kwa mama yako! Na kolekole yule alikuwa ameoza, alinuka mpaka Pongwe! Kanzu hiyo ina mchuzi tangu Idi, na umeivaa hapa mbele ya binti wa watu! Na papa! Futi thelathini, papa gani? Papa yule nilimpika mimi, akaenea kwenye sufuria moja na mfuniko ukafunga!"

Kwa mazoea mkono wa Badr ukapanda ubavuni, mdomo ukafunguka. Hofu ikamrudia Bimdogo, akalingoja lile neno.

Halikuja. Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee ndevuni. Akautoa mkono ubavuni, akamshika mkewe mbele ya daktari, jambo ambalo hakupata kulifanya mbele za watu tangu siku ya harusi yao.

"Kata, Bimdogo," akasema. "Kata tu, mke wangu. Mimi nilikuwa nakufa kwa kule kunyamaza kwako."