Gitaa Lililoogeshwa

Shemeji yangu anatengeneza magitaa, mimi natengeneza pasi na feni, na chumba ni kimoja. Upande wake kuna vumbi la mbao, upande wangu kuna nyaya, na katikati tumening'iniza pazia ambalo halizuii kitu, vumbi wala maneno. Watu wanamwita Msasa, kwa sababu hata akiongea nawe mkono wake unasugua kitu. Dada yangu anasema siku ya harusi yao alisugua ile meza ya mbele mpaka ikabadilika rangi. Mimi nilikuwepo. Haikubadilika sana.

Msasa akimkabidhi mteja gitaa, humpa sentensi moja tu. Mimi nilisomea diploma ya umeme, na kule tulifundishwa kwamba kila kifaa kitoke na maelezo yake: usifanye hiki, usiguse kile, chomoa kwanza. Nimemwambia mara nyingi, waandikie watu. Anajibu, "Shem, mtu mwenye akili haandikiwi." Halafu anamwekea mteja gitaa mikononi, anamtazama usoni, anasema, "Mtunze kama mtoto mchanga."

Wateja wanaipenda sana hiyo sentensi. Mmoja alifuta machozi. Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka siku alipomwambia Mkunga.

Mkunga amestaafu, lakini jina limekataa kustaafu. Nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake ikiwa uchi, na yeye hakubali mtu asahau. Msasa ni mmoja wao. Akimbishia kidogo tu, anaambiwa, "Mwanangu, kitovu chako nilikikata mimi, na ulikuwa na kelele hizi hizi."

Gitaa la Mkunga halikuwa la mbao za dukani. Mama yake alipofariki aliacha kitanda cha mbao ngumu, miguu imeliwa na mchwa, lakini ubao wa kichwani mzima. Mama huyo alikuwa akiwaimbia pale kitandani, Mkunga na mdogo wake, kwa hiyo Mkunga akataka ule ubao uwe mgongo wa gitaa, naye ajifunze kupiga uzeeni. Mdogo mtu, anayeishi mji mwingine, hakutaka kabisa. Walivutana kwenye simu mpaka akakubali kwa shingo upande, na kwa sharti. Alipokuwa anaota meno aliung'ata ule ubao, na vishimo vyake bado vipo. "Haya, kateni," alisema. "Lakini nikija niyakute meno yangu."

Msasa hawezi kuona kishimo bila kukisugua. Aliteseka, lakini aliviacha. Mgongo ulitoka laini kama kioo, na pale kiunoni, vishimo vya meno ya mtoto.

Mvua zilipoisha na jua kurudi kwa hasira, Mkunga akaingia karakana. Amelifunga gitaa kwenye shali, ameliegemeza kifuani, kiganja kimeshika shingo kwa nyuma, kama wanavyoshikwa watoto wachanga.

"Mwanangu amepasuka," alisema.

Akamlaza juu ya meza, kifudifudi. Msasa aliacha kusugua. Hapo nikajua kuna msiba, nikaweka bisibisi chini na kusogeza pazia.

Ufa ulianzia chini, ukapanda na mgongo, ukapita jirani kabisa na yale meno. Ukucha ungeingia.

"Mama, ulilifanya nini?"

"Nimefanya ulichoniambia. Nimemtunza."

"Umelitunzaje?"

"Kwani mtoto mchanga anatunzwaje? Asubuhi namwogesha."

Msasa akatafuta kigoda, akakaa.

"Usinitolee macho. Sijamtumbukiza kwenye beseni, mimi si mjinga. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini, nampangusa. Halafu namtoa kwenye jua la asubuhi, mifupa ipate nguvu."

"Jua la asubuhi tu?" nikauliza mimi.

"La asubuhi. Siku nikipitiwa na usingizi linafika la mchana. Na namgeuza, upande huu, upande ule, kichwa kisiwe bapa."

"Halafu?" Msasa sasa alikuwa anauliza kama mtu anayehesabiwa hasara za moto.

"Halafu mafuta. Ya mtoto, yale ya chupa, siyo ya kupikia. Tumbo, mgongo, shingo. Halafu poda."

"Poda wapi?"

"Kwenye mikunjo."

"Mama, gitaa halina mikunjo!"

"Ndiyo maana nikamimina kwenye hilo tundu. Nilijua mle ndani hamkosi unyevu."

Nilirudi nyuma ya pazia kidogo, kwa sababu za kiafya. Niliporudi, Msasa alikuwa anasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema siku moja. Kwamba gitaa haliogi. Ukimaliza kupiga unalifuta kwa kitambaa kikavu, jasho la mikono litoke, basi. Halikai juani, halikai jikoni kwenye mvuke, haliegemezwi ukutani kama jembe. Linalala kwenye mfuko wake. Mbao inavuta maji na kuyatema. Ukiilowesha kisha ukaianika, ukailowesha tena ukaianika, itapasuka hata ikiwa imetoka peponi. Na mafuta, hapana. Mafuta, hapana kabisa.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja.

"Sasa hayo yote ulikuwa unayaficha ya nini?"

Msasa akanitazama. Mimi nikatazama feni ya mtu.

"Ulisema mtoto, mwanangu. Ungesema kabati, ningemtunza kama kabati. Watoto ndiyo kazi yangu, na hakuna mama aliyewahi kunirudishia hata mmoja."

Msasa alipitisha kidole kwenye ufa, akakinusa. "Ufa wenyewe ningeuziba. Lakini gundi haishiki penye mafuta. Kama yameingia mpaka ndani, itabidi nibandue mgongo wote niweke mwingine."

"Na meno?"

"Yataondoka na mgongo wake."

Mkunga aliitoa shali mezani, akaanza kuikunja. Aliikunja vizuri, akaikunjua, akaikunja tena. "Anakuja Jumamosi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aniachie. Nilimwambia, mtu aliyelea mji mzima atashindwa na ubao?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi, akaacha.

Msasa alilegeza nyuzi zote, akazitoa. Akafuta mgongo kwa spiriti, kitambaa kikatoka na harufu ya wodi ya wazazi. Kisha akachukua kioo chake kidogo cha kunyolea, akakiingiza kwenye tundu la gitaa, mimi nikamshikia tochi. Alikaa hivyo muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Shem, inua taa. Hapo. Usitikise."

"Mpe nafasi mgonjwa apumue," Mkunga akaniambia. Alikuwa ameshasimama nyuma yetu; mazoea.

Ndani, poda yote ilikuwa imekimbilia kwenye ufa. Imeganda pale kwa urefu wote, madonge ya njano. Msasa akaikwangua kwa kijiti chembamba, ikatoka inateleza vidoleni, imeyanyonya mafuta mpaka imelewa. Chini yake mbao ilikuwa kavu, rangi yake ya siku ya kwanza. Akakata karatasi nyembamba, akaipenyeza kwenye ufa mpaka ikatokea ng'ambo, akaiinua kwenye taa. Mafuta yakigusa karatasi huacha doa linalopitisha mwanga. Doa lilikuwepo, dogo, upande mmoja tu.

Akaiweka karatasi mezani. Akakohoa.

"Mama. Hiyo poda."

"Nini tena?"

"Unayo nyingine?"

Mkunga alifungua mkoba wake, akatoa kopo zima, jipya, bila haraka. "Huwa sitoki bila," alisema. Akamtazama Msasa akilimimina ndani ya gitaa, akitikisa taratibu ifike kila mahali. "Sasa nani anampaka mtoto poda?"

"Si mtoto, mama. Ni gitaa."

"Mpake na pembeni. Pembeni ndiko hupata vipele."

Kesho yake Msasa aliitoa poda, akapima tena kwa karatasi, ikatoka safi. Akatia gundi, akabana ufa kwa vibano, na kwa ndani akabandika viraka vyembamba vya mbao kuukatiza, kama mishono. Siku zilizobaki alilizunguka lile gitaa bila kuligusa, anasugua meza.

Jumamosi mdogo mtu alikuja moja kwa moja karakana, begi bado begani. Mwanamke mfupi, sauti nene. Gitaa lilikuwa mezani, limetolewa vibano, bado halina nyuzi. Hakulisifu. Aliligeuza, akapapasa kiunoni, na ncha za vidole zikaingia kwenye vishimo. Akabaki hapo. Kisha ukucha wake ukapanda pembeni, ukakutana na kovu.

"Dada, hiki nini?"

Msasa alifungua mdomo. Mkunga akamtangulia.

"Nililipasua mimi. Nilikuwa naliogesha."

"Unaliogesha?"

"Kila asubuhi. Na jua."

Mdogo mtu akashusha begi chini. Pasi iliyokuwa mikononi mwangu nilikuwa nimeshaimaliza, lakini nikajifanya bado, nikaendelea kuifungua.

"Umekiogesha kitanda cha mama," alisema.

"Nimekiogesha."

"Hata mama alikuwa anakiogesha. Tena kwa maji yanayochemka. Umesahau kunguni?"

Mkunga akashika mdomo. Kicheko kilimtoka puani kwanza.

"Na hakikupasuka," mdogo mtu akaongeza, akimgeukia Msasa kana kwamba kosa ni lake.

"Kilikuwa kinene," Msasa akasema.

Mdogo mtu aliinama, akaweka pua kwenye tundu, akavuta pumzi. "Kinanukia mtoto mchanga," akasema. "Haya, fundi. Tia nyuzi, nikisikie."

Msasa akatia nyuzi. Mkunga alipiga anachokijua, ambacho si kingi, na mdogo wake akaimba juu yake akimsubiri kila alipopotea. Kuhusu sauti ya gitaa msiniulize, mimi nasikia feni vizuri zaidi. Lakini nilizima zote mbili zilizokuwa kwenye majaribio.

Tangu hapo Msasa amebadilisha sentensi. Mteja wa kwanza kuipata alikuwa dereva wa lori. Msasa alimwekea gitaa mikononi, akamtazama usoni.

"Mtunze kama mama mkwe," alisema. "Humwachi juani, humweki jikoni, humgusi kwa mikono michafu, humpaki kitu mwilini, na hukai sana bila kwenda kumwona."

Dereva alifikiri.

"Fundi, mimi na mama mkwe wangu hatusalimiani."

Msasa alisugua ukingo wa meza, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha mkono wake ukapita kwenye pazia, upande wangu, kiganja wazi. Nikampa kalamu.