Uso wa Kuazima

Walitaka uso wangu. Hawakuniomba, walinipangia. Kaka alikuja na gauni la maua na mkufu wa kuazima kwa jirani, Mama akaja na kilemba kilichopigwa pasi, wakaniambia nijiandae twende studio nikapigwe picha ya marehemu.

Marehemu ni pacha wangu. Mtaa mzima ulimwita Spana kwa sababu alikuwa fundi magari, tena fundi kwelikweli. Tulifanana mpaka walimu walikata tamaa. Kilichotutofautisha ni alama nyeusi ya kuzaliwa shavuni, yangu kulia, yake kushoto. Alifariki kwa maradhi ya ghafla, na sebuleni hakukuwa na picha yake hata moja.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Picha ilikuwepo! Spana aliipiga studio hiyohiyo, kichwa amekinyoa, ovaroli imejaa oili, anatazama mbele bila wasiwasi wowote. Aliileta nyumbani akiwa na furaha tele. Kaka akaichana vipandevipande mbele yetu, eti mtoto wa kike hapigi picha kama kibarua, nani atamposa.  Mama alichukua ufagio, akafagia vile vipande, akavitupa.

Studio hawatunzi picha za zamani. Kwa hiyo sasa wanamtaka ukutani, lakini mpaka avae gauni. Jamani!

Mpiga picha, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, siku hiyo hakutania.

"Alama naweza kuihamisha kwenye kompyuta," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini mama yako anataka amwone mwenzako kwanza."

Akashusha kioo kirefu ambacho wateja hujipodolea, akakiegemeza ukutani, akaniweka kwenye kigoda nikielekee. Yeye na Mama walibaki nyuma yangu, upande mmoja, kamera ikilenga kioo badala ya kunilenga mimi. Kwenye kioo, kulia huhamia kushoto.

Niliinua macho. Sikujiona. Nilimwona Spana, alama yake iko mahali pake, ila wamemvisha vitu ambavyo akiwa hai asingevigusa. Alionekana kama mtu aliyekamatwa. Nilisikia Mama akivuta pumzi.

"Tabasamu kidogo, dada," alisema mpiga picha.

"Usinune basi," Kaka akadakia kutoka mlangoni. "Mwenzako alikuwa mpole."

"Mpole nani? Spana? Aliyekufukuza na jeki mpaka barabarani?"

"Usimseme vibaya marehemu."

"Mimi ndiye ninayemsema vibaya? Wewe uliyemchana akiwa hai, leo umekuja kumshona awe mtu mwingine!"

 Nilivua mkufu nikautupa kwenye meza ya poda. Nikavua kilemba. Nywele zangu nilizinyoa wiki ileile ya msiba, bila kumwomba mtu ruhusa, na ndiyo maana walinibebea kilemba. Gauni nilikuwa nimelivaa juu ya fulana na suruali, nalo nikalivua, nikalisukuma pembeni kwa mguu. 

Mama alisimama. Alikipita kigoda changu kana kwamba hakina mtu, akapiga magoti pembeni mwa kioo na kuweka kiganja kiooni, kando ya lile shavu lenye alama.

"Mwanangu," alisema. "Nisamehe. Siku ile nilikuwa na ufagio mkononi. Ningempiga nao kaka yako. Badala yake nikakufagia wewe."

Alikuwa anaongea na kioo. Mimi, mtoto wake aliye hai, nilikuwa hatua moja tu nyuma ya bega lake, na hakunitupia hata jicho.

Akasubiri jibu. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Nina mdomo wa Spana, nina sauti yake. Ningesema tu, "Nimekusamehe, Mama," angeondoka pale mwepesi, na Mungu anajua nilimhurumia. Lakini ule msamaha haukuwa wangu. Walishachukua uso, sasa walitaka na hilo nalo! Nikaubana mdomo, nikamkazia Spana macho kiooni.

Mpiga picha akabonyeza.

Hiyo ndiyo picha iliyopo sebuleni, bila gauni wala kilemba; Mama hakutaka nyingine. Mkono wa Mama, uliokuwa pembeni, umekatwa usionekane, na wageni wote wanaambiwa ni Spana. Kila asubuhi Mama husimama mbele yake akaomba msamaha tena, kwa sauti ndogo. Mimi niko palepale mezani nakunywa chai, na hajawahi kugeuka.