Kifupa cha Baba

...na bado analibonyeza, hapo hapo panapouma, sasa analikunja na goti linakwama katikati, halikunjiki wala halinyooki, eti gegedu, Reverien, anasema Daktari Felician, kile kitu cheupe unachotafuna kwenye kidari cha kuku, mwisho wa mfupa wako kimemeguka, kipande kinatembea humo ndani, huwapata vijana wanaorukaruka kabla mifupa haijakomaa, na mimi nimeruka tangu utotoni, mwana wa mpiga ngoma asiporuka yeye aruke nani... "Hicho kilishatoka, muganga," baba anamcheka daktari, "yule mama mganga wa kienyeji wa Kasulu alimchanja goti, akaweka pembe, akavuta, akatema kifupa kwenye jani la mgomba, mimi Hatungimana nilikishika," ni kweli, alikishika, akanipa na mimi, kidogo, chepesi, kikavu... kikavu, Mungu wangu, kitu kilichotoka kwenye damu kinakuwaje kikavu, na sote tulipiga makofi, mama akalia kwa furaha, wajinga sisi, miezi yote hii nakanyagia mguu huu nikijidanganya kwamba ni chale tu hazijapona, kumbe kimo, kimo humu humu, nakisikia... "Mwanza watampasua wakitoe," daktari anasema, "lakini kuruka ndiyo basi, na mkichelewa hata kutembea kutamshinda," na baba, "Kupasua watoe nini tena? Jumapili anaruka, mwana wanje, mwanangu huyu," Jumapili, ngoma, tulivuka mpaka tukikimbia mauaji, mwaka wa sabini na mbili, mikono mitupu, kaka zangu wawili wamebaki kule bila kaburi, baba akachonga ngoma kabla ya kujenga nyumba, mvua ikatunyeshea sisi, ngoma ikalala pakavu, kichaa huyu, nilimchukia, nampenda, usiku kucha namsikia akisali na siku zote hajibiwi, isipokuwa mara moja, kile kifupa, tangu tuvuke hicho ndicho kitu pekee alichoomba akapewa, amekifunga kwenye leso pamoja na rozari, nikisema kimo bado nitakuwa nimempokonya, na nimpe nini badala yake, mguu uliopasuliwa usioruka... goti nimelipoteza kwa vyovyote, hilo nimelielewa, limekwisha, nina miaka kumi na saba na limekwisha... "Reverien, sema mwenyewe," daktari bado amelishika, anasubiri, baba ananitazama anatabasamu, na mimi najua nitasema nimepona.