Aliyekanwa Kashikishi

Mwenya aliporudi Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, matanga yake yalikuwa yameshaondolewa.

Boti aliyopanda kwenda ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kuuza nguo ilipinduliwa na dhoruba. Wavuvi wa kule walimwokota ameng'ang'ania dumu la mafuta, akalala mgonjwa kwao msimu mzima wa mvua, simu yake imezama na namba zote. Huku nyuma ziwa lilitupa ufukweni maiti ya mwanamke, imevimba, haina sura. Mume wake, André, alisema ni yeye. Wakazika.

André alikuwa Mkongomani, mwalimu wa falsafa aliyeacha chaki akavuka kuja kufanya biashara ya samaki. Alimposa Mwenya kwa maneno. Alimwambia mtu anaweza kutilia shaka kila kitu, ziwa, jua, hata mikono yake, maana ndoto nazo hufanana na kweli. Lakini akiwaza, hawezi kukana kwamba yupo. Mwenya, aliyeishia darasa la saba, aliyapenda maneno hayo kuliko zawadi. Kule ugonjwani, homa ilipompotezea fahamu za mahali na siku, aliyashika hayo tu: ninawaza, basi nipo.

Alishuka bandarini mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wakianika samaki wakaacha vichanja, wakakimbia. Mtu akaenda kumwita André. Akaja, na nyuma yake Jeanine, rafiki wa Mwenya wa sokoni, amejifunga kitenge cha Mwenya, tumbo limeshajitokeza.

"Uyu hapana Mwenya," André akasema mbele ya watu. "Bibi yangu nilimuzika miye mwenyewe."

Mwenya alidhani ni mshtuko. Akamtajia jina la mama yake, kovu la mgongoni mwake, ugomvi wao wa Pasaka. André akajibu kwamba hata pepo wanajua siri za watu.

"Niko nawaza, André," akasema Mwenya. "Ni weye ulinifundisha. Mutu anawaza, basi iko."

"Ile inakuhakikishia weye," akajibu taratibu, kama aliye darasani. "Miye hainihakikishii kitu."

Watu wakaguna. Kwa kitambo Mwenya alijiuliza kwa dhati kama hakufia majini, na kama haya si mawazo yaliyosalia tu, yakitafuta mwili wa kukaa.

André akasogea, akajifanya anamkagua uso, akanong'ona: "Rudi kule, Mwenya. Nakuomba."

Alimwita kwa jina. Macho yake hayakuwa ya mtu anayeogopa mzimu.

"Siku ile ya maiti," Mwenya akauliza kwa sauti ya chini, "ulijua?"

André akatazama mchanga.

Ndipo shangazi yake Mwenya, mama Katongo, alipopasua umati, akamshika mashavu, akaanza kumkaripia kwa Kibemba kwa nini amekonda hivyo. Akamkokota nyumbani akale nshima, ugali wa kwao. Umati ukafuata, wengine wakilia, wengine wakimgusa mabega.

Jioni André alikuja na wazee wa kanisa, akaomba radhi, akisema huzuni ilimfumba macho. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mwenya alijua kwamba akiwaeleza alichonong'onezwa, André atakana tena, na watamwamini.

Akamwomba shangazi afunge mlango. Akasikia nyayo zao zikienda, na kwa mara ya kwanza tangu boti ipinduke, akalia.