Pua ya Jalal

Nilikuwa katika wiki ya sita ya eda na sijalia hata chozi moja. Watu walikuja, wakalia, wakanywa chai, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi, nikiitazama sarafu ya mahari yangu pale rafuni.

Mume wangu Jalal aliinunua Dubai alikokuwa dereva. Dhahabu tupu, imechorwa uso kwa mtindo wa Wamaya wa kale, watu wa mbali huko Amerika: mzee mwenye taji la manyoya na pua, subhanallah, pua inayoanzia katikati ya paji la uso. Pua ya Jalal hiyo hiyo! "Nimekuoa kwa babu yangu," alizoea kunitania. Tangu azikwe, nilimtazama yule mzee ili nisimsahau Jalal mwenyewe.

Wifi yangu Najwa hakumtaka. "Hiyo ni sanamu, Mastura. Malaika hawaingii humu. Nimpelekee sonara aiyeyushe, akutengenezee bangili?"

Sikujibu.

"Mahari ni yako, siwezi kuigusa bila ruhusa. Nimpelekee?"

Nilisikia, ila mdomo ulikuwa kama wa mtu mwingine. Akauliza mara ya tatu. Siku ya nikahi pia niliulizwa mara tatu, nikanyamaza kama bibi harusi anavyonyamaza, na vigelegele vikaenea mtaa mzima wa Bondeni.

"Haya, amekubali," Najwa akajiambia. Akaichukua, akapanda boda kwenda mjini.

Kesho yake alasiri akarudi, akanivisha bangili. Ilikuwa nzuri, sitamsingizia mtu. Niliigeuza, nikaigeuza tena. Yule mzee hakuwamo tena.

"Sikukubali," nikasema.

"Si ulinyamaza!"

"Mimi si bibi harusi, Najwa. Nimefiwa."

Najwa akajibwaga kwenye mkeka na buibui lake lote.

"Si mambo ya malaika," akasema, akilia. "Kila nikiingia humu namkuta kaka ananitazama. Sikuweza, wallahi."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nilitaka kumfukuza. Lakini Nakuru hii, nani mwingine aliyeujua uso ule kama yeye?

Nikakaa karibu naye.

"Alikuwa anakutazama vipi?" nikamwuliza. "Niambie polepole."