Waifai Iliyozidi Nguvu

Meneja alishatoa kauli: skana ya karani huyu ikiganda tena leo, kesho asije. Wenzake wanapokea mizigo chapuchapu, yeye kila siku anakutwa kwenye rafu za nyuma anatikisa kidude na kukibembeleza. Mvivu hakuwa, jamani. Lakini kazi isipoonekana, nani atakuamini?

Na aliyefunga waifai ya ghala lile, ambayo skana zote zinaitegemea, ni nani? Shemeji yake, mume wa dada yake, mtu ambaye kwa majivuno hajambo. Ikabidi aitwe.

"Mtandao wangu hauna kasoro, shemeji," alisema alipofika, akinyoosha kidole kwenye visahani vyeupe vya kurushia waifai vilivyobandikwa juu darini, kimoja ofisini, vingine juu ya rafu. "Vyote nimeviwekea nguvu mpaka mwisho. Labda vidole vyako vimezeeka."

"Vidole hivihivi ndivyo vilivyokupikia siku ulipokuja kuposa," karani akamjibu, ila kucheka hakuweza. Moyo ulikuwa mzito.

Akaiwasha skana palepale ofisini, kama afanyavyo kila akija kusaini. Wenzake huwasha zao hukohuko ghalani. Wakaongozana mpaka rafu za nyuma, na skana ikaganda. Shemeji akaichukua, akaikagua, akatazama juu. Kisahani kilikuwa juu ya utosi wao, lakini skana bado imeng'ang'ania kile cha ofisini, ambacho kwa zile nguvu zote kilisikika mpaka huku, kwa mbali, kwa kukatakata.

"Si wewe, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Vyote nimevipigisha kelele, skana haijui imwache nani imshike nani."

Angeamua kufyata ulimi, nani angejua? Karani akamtazama, roho juu. Mwanamume akashika njia ya ofisini, akayasema yote mbele ya meneja, kisha akafungua kompyuta apunguze nguvu.

"Upunguze?" meneja akauliza. "Mimi nililipia nguvu."

"Nyumba ambayo kila mtu anapiga kelele, bosi, hakuna anayesikilizana. Hebu nijaribu."

Karani akatoka tena na skana. Akapita mlangoni, akapita katikati, akafika nyuma kabisa. Akaielekeza kwenye katoni. Ikalia tii. Katoni ya pili, tii. Akaimaliza rafu nzima bila kukwama. Mungu si Athumani.

Meneja, aliyekuwa amemfuata nyuma, akatoa simu akapiga palepale.

"Samahani, ndugu yangu. Ile kazi niliyokwambia uje uanze kesho, usije tena. Mwenyewe yupo."

Karani akakaa juu ya katoni, akalia mbele yao bila haya.